Nyoka wa Mango na Umati wa Maadui: Dhidi ya Mwovu wa Halaiki katika Michezo ya Fantasia

Utangulizi

Suala la mhusika mwovu limejadiliwa kwa muda mrefu katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, lakini mjadala huo umebakia katika mipaka ya riwaya, tamthilia na utendi. Michezo ya video, hasa ile ya fantasia ambamo mchezaji huvaa uhusika wa shujaa na kuusukuma msuko mbele kwa maamuzi yake, imeachiwa mafundi wa kompyuta na wafanyabiashara. Wahakiki wengi huihesabu kuwa burudani ya watoto isiyostahili kalamu ya msomi. Makala haya yanaupinga msimamo huo. Yanadai kwamba michezo hiyo ni masimulizi kamili, kwamba kanuni yake kuu ya kumwumba mwovu ina kasoro ya msingi, na kwamba kasoro hiyo ikipandikizwa bila kuhojiwa katika masimulizi ya watu wa Bungoma na Kitale, itafufua usemi ambao wenyeji wa huko wamekwisha kuulipia kwa damu.

Kasoro yenyewe itaitwa hapa mwovu wa halaiki. Huyu ni mwovu asiye mtu mmoja mwenye jina, nia na tendo, bali ni jamii nzima ambayo uovu wake umo katika kuzaliwa kwake. Hahitaji kutenda lolote ili auawe. Kuonekana kwake kunatosha.

Hesabu inayozaa maadui

Ni vyema kueleza kwanza mwovu huyu alitoka wapi. Mwaka 1974, Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walichapisha mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons. Sehemu kubwa ya viumbe wake ilifuata mkondo wa fantasia ya Ulaya, ikiwa ni pamoja na riwaya ya J. R. R. Tolkien, The Lord of the Rings, iliyotolewa kati ya 1954 na 1955. Katika mchezo huo, jamii za viumbe hupewa mwelekeo wa kimaadili kama vile zinavyopewa kimo na nguvu. Orki, kwa mfano, waliorodheshwa kuwa waovu. Muhimu zaidi ni kwamba mchezaji aliyewashinda viumbe hao alipata alama za uzoefu, na alama zikitimia kiasi fulani alipanda daraja na kuongezewa uwezo.

Michezo ya kompyuta iliyofuata ilirithi utaratibu huo karibu wote, nao una athari ya kifani ambayo wahakiki hawajaizingatia. Ikiwa shujaa hukua kwa kuua, basi lazima wawepo wa kuuawa, tena kwa mamia. Mwandishi hawezi kumpa kila mmoja wao jina, mama na sababu ya kuwa alipo. Hapo ndipo halaiki inapozaliwa. Haitokani na falsafa yoyote ya uovu. Inatokana na hesabu. Dhamira huja baadaye kuitetea hesabu hiyo kwa kusema kwamba viumbe wale ni wabaya kwa asili, na kwa hiyo hakuna hatia.

Wenye mchezo huo wenyewe wamekwisha kulitambua tatizo. Mwaka 2020, kampuni ya Wizards of the Coast inayouchapisha ilikiri kwamba baadhi ya jamii za mchezo huo, orki wakiwa mfano mmoja, zilikuwa zimesawiriwa kwa namna inayokumbusha jinsi makabila halisi ya wanadamu yalivyodhalilishwa na yanavyoendelea kudhalilishwa. Ni ajabu basi kwamba wakati wenye kanuni wanaitilia shaka, wapo kwetu wanaotaka kuipokea kama ilivyo, mradi tu viumbe wapewe majina ya Kiafrika.

Jina la Kiafrika si tiba

Hoja ya hao ni nyepesi: ondoa joka la Ulaya, weka zimwi letu, na kazi imekwisha. Hoja hiyo inachanganya fani na vazi.

Mifano miwili yatosha. Mwaka 2016, studio ya Kiro'o Games ya Kameruni ilitoa mchezo wa Aurion: Legacy of the Kori-Odan. Shujaa wake, Enzo Kori-Odan, ni mwana wa mfalme anayepinduliwa siku ya kutawazwa kwake, na anayempindua ni shemeji yake, ndugu wa mkewe. Mwaka 2024 ukatoka Tales of Kenzera: Zau, ulioongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye aliubuni kutokana na msiba wa baba yake. Mchezo huu unaweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili, jambo ambalo idara za Kiswahili zingepaswa kulipokea kwa makala na semina, wala hazikufanya hivyo ipasavyo. Ndani yake, kijana Zau anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, kwamba atamletea mizimu watatu wakuu ili arudishiwe baba yake.

Kazi hizi mbili zinastahili heshima. Katika ya kwanza uovu umeingia kupitia mlango wa ukwe. Katika ya pili, anayeonekana kuwa adui, yaani mauti, ni msafiri mwenza, na linalopiganiwa hasa ni moyo uliokataa kupokea msiba. Hata hivyo, kati ya shujaa na hatima yake, zote mbili zinatandaza mawimbi ya maadui wasio na majina ambao mchezaji huwafyeka ili apite. Aidha, mizimu watatu wa Zau wameokotwa mahali mbalimbali: Impundulu ni ndege wa radi wa kusini mwa Afrika, GaGorib ni wa masimulizi ya Wakhoikhoi, na Kikiyaon ni wa Afrika ya Magharibi. Kila mmoja wao alikuwa tishio kwa watu fulani kwa sababu fulani. Akichopolewa kutoka kwa watu hao, hubakia sura na jina, na kitisho chake huwa cha macho tu.

Fasihi simulizi ya Kiafrika ya Mashariki haimjui zimwi wa namna hiyo. Zimwi wa hadithi zetu, ambaye Wabukusu humwita linani, mara nyingi huja akiwa kijana mtanashati anayeposa, akaozwa, akala kwa sahani ya wakweze kabla ya kuwala wao. Uovu wake uko katika uhusiano. Waliosema zimwi likujualo halikuli likakwisha walikuwa wameielewa nadharia hii kabla ya wahakiki. Zimwi anakujua, nawe unamjua, na humo ndimo hatari na matumaini hukaa pamoja.

Mango na nyoka

Kisa ambacho hutajwa mara kwa mara kuwa kinafaa kutengenezewa mchezo ni kile cha Mango, shujaa wa Wabukusu, na nyoka mkubwa Yabebe. Kisa hiki kina matoleo kadha, lakini kiini chake hakibadiliki sana. Nyoka alikaa pangoni, akala watu na mifugo, na watoto wa Mango wakawa miongoni mwa walioangamia. Mango, ambaye hakuwa ametahiriwa, aliapa kumwua. Alijificha pangoni, akamngoja nyoka arudi, akamkata kichwa. Husimuliwa kwamba kichwa kilichokatwa kiliruka kikauma mti, na mti ule ukanyauka. Majirani, wale ambao Wabukusu huwaita Barwa na ambao leo wengi huwataja kuwa Wasabaot, walipoona tendo lile walikubali kumtahiri. Kutokana naye, Wabukusu huhesabu asili ya tohara yao, ambayo mpaka leo hufanyika mwezi wa Agosti katika miaka inayogawika kwa mbili, vijana wakisindikizwa alfajiri kutoka mtoni kwa wimbo wa Sioyaye.

Tuangalie mpangilio wa wahusika katika kisa hiki, maana hoja nzima ya makala haya inautegemea.

Kwanza, mwovu ni mmoja. Hana jeshi, hana kijiji, hana kizazi cha nyoka kinachopaswa kufyekwa njiani. Mango hapandi daraja kwa kuua nyoka wadogo hamsini kabla ya kumfikia mkubwa. Anaua mara moja tu, na tendo hilo moja linabeba uzito wa kisa kizima kwa sababu ni moja.

Pili, jirani si adui. Katika kisa hiki Barwa ni watu wa lugha nyingine na desturi nyingine. Wanamdharau Mango kwa kutotahiriwa, na dharau hiyo inachoma. Mwandishi aliyelelewa katika kanuni ya halaiki angewageuza papo hapo kuwa kundi la kupigwa, kwa kuwa wana kila sifa inayohitajika: wageni, wenye kiburi, wanaokaa mlimani. Wasimulizi wa Kibukusu hawakufanya hivyo. Waliwapa Barwa nafasi ya shahidi na ya ngariba. Shujaa hawezi kuwa shujaa mpaka jirani atoe ushahidi, na alama ya utu uzima wa Mbukusu imetoka katika mkono wa asiye Mbukusu.

Tatu, uovu haumaliziki kwa kifo cha mwovu. Kichwa kinauma mti baada ya kukatwa. Katika michezo mingi, mwovu mkuu akianguka hufunguka sanduku la hazina na muziki hubadilika. Kisa cha Mango kinaonya kwamba aliyeshinda bado anaweza kuumwa na alichokishinda, na kwamba mahali pa ushindi panabakia pakavu.

Mfano mwingine wa Kiswahili unathibitisha kwamba huu si upekee wa Wabukusu. Katika Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwanzoni mwa karne ya 20 kutokana na masimulizi ya kale, shujaa hauawi na jeshi la Pate. Anauawa na mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa makuu na sultani. Mwovu ana uso, na uso huo unafanana na wa shujaa.

Madoadoa

Hapa yafaa kujibu swali litakaloulizwa na msomaji mwenye haraka: ya nini wasiwasi wote huu juu ya mchezo?

Jibu linapatikana katika historia ya karibu ya eneo lenyewe. Kitale ulikuwa mji wa walowezi, kitovu cha mashamba makubwa ya Trans Nzoia. Baada ya uhuru mashamba hayo yaliingiwa na watu wa jamii nyingi, Wabukusu wakiwamo, huku Wasabaot na wengineo wakidai kwamba ardhi ile ilikuwa yao kabla ya Mzungu. Mwishoni mwa 1991, mfumo wa vyama vingi uliporudi, yakaanza mapigano yaliyoendelea hadi 1993 katika sehemu za Bonde la Ufa na Magharibi, yakiikumba Trans Nzoia na miteremko ya Mlima Elgon upande wa Bungoma. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku mwaka 1992, na baadaye Tume ya Jaji Akiwumi iliyoundwa mwaka 1998, zilichunguza mapigano hayo, na zote mbili zikaona mkono wa wanasiasa. Watu waliokuwa wakiuziana mahindi na kuozana walichomeana nyumba.

Mhakiki wa fasihi asiishie kwenye silaha, achunguze lugha. Katika usemi wa kisiasa wa Bonde la Ufa wa miaka ile, waliotakiwa kuondoka waliitwa madoadoa. Neno hili ni la Kiswahili, tena ni sitiari iliyoundwa vizuri, na hilo ndilo la kutisha. Doa halina jina. Halina mama. Halikutenda kosa, kosa lake ni kuonekana mahali lilipo. Halihukumiwi, hufutwa. Sifa hizi ndizo zilezile za mwovu wa halaiki zilizoelezwa mwanzoni mwa makala haya. Neno moja lilifanya kazi ambayo kanuni nzima ya mchezo hufanya: liliwatoa watu katika uhusiano na kuwaweka katika hesabu.

Wala kanuni hii haisimami katika mpaka wa kabila. Kati ya 2006 na 2008, kundi lililojiita Sabaot Land Defence Force liliuhangaisha Mlima Elgon kutokana na mgogoro wa ugawaji wa ardhi ya Chebyuk, na ugomvi wa msingi ulikuwa kati ya koo za Wasabaot wenyewe, Wasoy na Wamosop, wanaosema lugha moja. Mwezi wa Machi 2008 wanajeshi waliingia katika operesheni iliyoitwa Okoa Maisha, nayo ikaacha malalamiko mazito ya mateso dhidi ya wanaume wa mlimani waliokamatwa kwa wingi, wengine bila kosa ila kuwa wanaume wa mahali pale. Halaiki ikisha kuumbwa, kila mwenye nguvu huitumia.

Tohara yenyewe haijasalimika. Katika misimu ya Agosti, magazeti ya Kenya yamewahi kuripoti wanaume wa jamii zisizotahiri wakikamatwa barabarani na kutahiriwa kwa nguvu katika maeneo ya Bungoma na Trans Nzoia. Wanaofanya hivyo hudai kuitetea mila. Wamekisahau kisa kilichoizaa. Katika kisa hicho asiyetahiriwa, aliyedharauliwa na majirani kwa ajili hiyo, ni Mango mwenyewe. Anayemkimbiza mtu asiyetahiriwa amejiweka upande wa dharau, akamwacha shujaa wake peke yake pangoni.

Sasa na atafakari msomaji mchezo wa Mango uliotengenezwa kwa kanuni ya kawaida. Mchezaji aanzia bondeni. Ili apate nguvu za kumkabili Yabebe, ni lazima aue. Nani atauawa? Walio njiani kuelekea mlimani. Kijana wa Kitale au Bungoma akiwa na kifaa mkononi atapata alama kwa kila Barwa aliyeangushwa, na mchezo utaitwa wa kizalendo kwa kuwa nyoka ana jina la Kibukusu. Hakuna atakayekusudia ubaya. Hesabu itakuwa imekusudia kwa niaba ya wote.

Pingamizi na majibu

Zipo pingamizi tatu zinazostahili kujibiwa.

Ya kwanza husema kwamba tenzi zetu wenyewe zimejaa halaiki. Ni kweli, na makala haya hayakusudii kulificha. Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 na Utendi wa Rasi 'lGhuli wa karne ya 19 zina majeshi ya makafiri wanaoanguka kwa maelfu, na msomaji haulizwi huzuni yao. Kutokana na hilo, haitoshi kulaumu ugeni. Kanuni mbaya haiwi njema kwa kuwa imo pia katika urithi wetu. Urithi una njia zaidi ya moja, na kazi ya uhakiki ni kuchagua kwa sababu zinazotamkwa. Riwaya zetu zimekwisha kuchagua. Shaaban Robert katika Kusadikika (1951) alimpa mwovu cheo na jina, Majivuno, akamweka barazani ambako Karama angeweza kumjibu. K. W. Wamitila katika Bina-Adamu! (2002), riwaya yenye safari ya kifantasia inayokaribia sana muundo wa michezo hii, alimfanya mwovu P.P. awe mmoja, mjanja, anayetafutwa tangu mwanzo. Ken Walibora katika Siku Njema (1996) alimsafirisha Kongowea kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta baba, na njia nzima ikajaa vikwazo bila kabila lolote kugeuzwa kuwa kikwazo.

Ya pili husema kwamba mchezo bila umati wa maadui hauchezeki. Pingamizi hili limekwisha kujibiwa na michezo yenyewe. Undertale, uliotungwa na Toby Fox mwaka 2015, humruhusu mchezaji kumaliza safari bila kuua hata mmoja, na humkumbusha aliowaua. Disco Elysium wa mwaka 2019 umeondoa kabisa utaratibu wa kawaida wa mapigano. Vita vyake ni vya maneno, hoja na dhamiri. Kisa cha Mango kina mali ya kutosha ya namna hiyo: kiapo mbele ya wazee, mama anayejaribu kumzuia, mapatano na majirani wanaomcheka, usiku wa kungoja pangoni, na uamuzi wa lini upanga ushuke. Mchezaji angeweza kupanda daraja kwa kuaminiwa na watu wa lugha nyingine. Hilo ni gumu kulitunga kuliko wimbi la maadui, na ugumu wake ndio thamani yake.

Ya tatu hutolewa na wenye kupenda mtindo wa siku hizi wa kumhurumia mwovu. Hao husema: mpe kila mwovu utoto wa mateso, na tatizo la halaiki litaisha. Halitaisha. Huruma hiyo hutolewa kwa mkuu wa waovu peke yake, na walio chini yake huendelea kufyekwa kama nyasi wakati yeye akieleza machungu yake. Tena, Yabebe hakupewa utoto, wala kisa hakikupungukiwa. Si kila uovu unadai kueleweka. Unachodai ni kuwekwa mahali pake, katika tendo na mtendaji, usimwagiwe watu waliozaliwa karibu naye.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mwovu wa halaiki ni zao la utaratibu wa kuhesabu vifo, kwamba majina ya Kiafrika hayamponyi, na kwamba kisa cha Mango kinatoa kanuni nyingine: mwovu mmoja mwenye tendo, jirani aliye shahidi, na ushindi unaoacha mti mkavu. Kutokana na hayo, mambo mawili yanapendekezwa. Kwanza, idara za Kiswahili na fasihi, na hasa zile zilizo karibu na wasimulizi wenyewe, kama Chuo Kikuu cha Kibabii kilichoko Bungoma, ziupokee mchezo wa video kuwa matini ya kufundishwa na kuhakikiwa sambamba na riwaya na utendi. Pili, anayetaka kukitengenezea mchezo kisa cha Mango akakisikilize kwanza pande zote mbili za mlima, kwa Wabukusu na kwa Wasabaot, maana kisa ambacho tohara yake ilitoka kwa jirani hakiwezi kuhaririwa na upande mmoja.

Watengenezaji hawatawangoja wahakiki. Kijana aliye na kompyuta huko Kitale anaweza kuanza kazi hiyo leo, akitumia programu zinazopatikana bure, na utaratibu wa alama na mawimbi ya maadui ataukuta umekwisha kutayarishwa. Asipoambiwa mapema na wasomi wa fasihi yake kwamba Barwa walikuwa mangariba, programu itampangia Barwa kuwa maadui, naye atadhani ndivyo kisa kilivyokuwa tangu zamani.